Namba Kubwa ya Friji

Nakumbuka mchana mmoja wa joto, mwanangu, joto lile la Kisumu linalowafanya hata kuku walale chini ya gari. Nilikuwa nimeolewa juzijuzi tu. Mama mkwe wangu, Mama Risper, aliishi nasi ili awe karibu na hospitali, maana alikuwa na kisukari. Insulini yake tuliiweka ndani ya friji yetu mpya.

Mume wangu Ouma alirudi kutoka ufuo wa Dunga na ngege wengi, wale samaki wa ziwani. Akazungusha thamostati, kile kidude kinachoamua baridi iwe kiasi gani, hadi namba ya mwisho.

"Hapo watapoa haraka," akasema. Nami nikaitikia.

Asubuhi sukuma wiki ndani ya friji ilikuwa ngumu kama mbao. Mama akainua chupa yake ya insulini dirishani. Ndani mna barafu.

"Si itayeyuka tu, Mama?" nikauliza.

"Nyathina, mwanangu, iliyoganda imeharibika, haidungwi tena. Nikijidunga hiyo, sukari itapanda nasi tukidhani nimetibiwa."

Ouma hakungoja hata chai. Alipanda bodaboda mpaka hospitali. Aliporejea na chupa nyingine, Mama alijidunga, akala, kisha akatuketisha.

"Ouma, kidude hiki si moto wa kuni, kwamba ukiongeza kuni maji yachemke upesi. Hiki kinaiambia friji ifike wapi ndipo ipumzike. Umeituma mbali, nayo imetii. Haraka haraka haina baraka."

Tulirudisha namba katikati, tukaweka kipimajoto ndani. Jioni tulikula wale ngege, Mama akimtania Ouma kwamba ameoa friji, si mke. Aliishi akawabeba wanangu wote mgongoni.

Siku hizi nina friji ya thamostati ya kioo, inayoandika nyuzijoto zenyewe. Nayo ina lugha yake: kwenye ile ya kuzungusha, namba kubwa ni baridi zaidi, kwenye hii, namba kubwa ni joto zaidi. Kuna wajukuu wangu waliosoma sana, na bado namba hizo huwachanganya!

Basi, mwanangu, kabla hujagusa, jua chombo chako ni cha aina gani na namba zake zinasema nini. Kisha kipe muda. Na ukiweka chakula cha wengi kwenye friji, uliza pia dawa ya nani iko kando yake. Kuuliza si ujinga.

Mungu aipe nyumba yako ubaridi wa kiasi, na wazee wako afya ya kukutania mezani.