Vichupa Vitatu Kwenye Giaboksi ya Mkunga

Huyo fundi waliyemwita Pua alikuwa na wivu tangu utotoni. Mama yake mwenyewe alisimulia kwamba siku alipozaliwa mdogo wake, Pua alikataa chakula, akakaa kizingitini siku mbili amevimba kama chura. Watu wakacheka, wakasema ni utoto, utamtoka. Haukumtoka. Nywele zilimtoka, meno mawili yalimtoka, wivu ukabaki palepale.

Kazi lakini aliijua, hilo tusimnyime. Gari zile zinazojibadilishia gia zenyewe, ambazo mafundi wenzake wakiziona tu wanakumbuka wana msiba mahali, yeye alikuwa anafungua giaboksi zake kipande kwa kipande, anazipanga pleti juu ya boksi lililokunjuliwa kama mtu anayeanika nepi. Jina la Pua alilipata kwa sababu oili alikuwa haiangalii, anainusa. Anachomoa kijiti cha kupimia, anasugua tone kati ya vidole viwili, anafumba macho. "Hii imeungua." Na kweli imeungua. Miaka ishirini na sita ndani ya gereji ile yenye sakafu nyeusi, hakutokea wa kumpinga.

Mpaka mke wa mdogo wake alipofungua duka la spea ng'ambo ya barabara.

Mwanamke mnene, mcheshi, miwani yake ameifunga kamba shingoni, na ana ugonjwa mmoja: kusoma. Kitu hakiingii dukani kwake asikisome maandishi yote, hata yale madogo kama mayai ya chawa. Ndivyo alivyogundua kichupa. Kichupa chenyewe kidogo, hakizidi chupa ya dawa ya kikohozi, unakimimina ndani ya oili ya giaboksi, na gari iliyokuwa inatetemeka inatulia.

Maana gari hizi zina ugonjwa wa kutetemeka. Ndani ya giaboksi mna pleti zinazoshikana na kuachana ndani ya oili. Oili ikichoka, zinashikana kwa vishindo: zinang'ang'ania, zinaachia, zinang'ang'ania tena, na wewe uliyekaa unatikisika kama una homa. Kichupa kinarudisha ule utelezi kidogo. Nasema kidogo. Sakafu kavu ndala inalia kwi kwi, ukiimwagia maji kidogo inanyamaza. Ukimwaga sabuni ya ndoo nzima, utaokotwa.

Basi kwa mwezi mmoja gari saba zilizokuwa zifunguliwe na Pua zilipona bila kufunguliwa. Mwenye gari anavuka barabara, anarudi anacheka. Pua anamsindikiza kwa macho. Shemeji naye hakujua kunyamaza.

"Shemeji! Umenuna tena leo? Uso huo utaharibu oili."

"Wewe uza vichupa vyako."

"Nauza! Nikuwekee kimoja na wewe, ulainike?"

Gereji nzima ikacheka. Pua aliingia chini ya gari isiyokuwa na ubovu wowote, akalala humo mpaka kicheko kilipokwisha.

Sasa, zahanati ilikuwa imeletewa gari tatu mpya, zote za otomatiki, na aliyeachiwa kuchagua fundi wa kuzitunza ni mkunga mkuu. Mama yule alikuwa amezalisha nusu ya watu wa pale, na nusu iliyobaki alikuwa akiwatukana. Gari yake mwenyewe, kikongwe cha kijivu, ilianza kutetemeka kila inapopanda kilima. Akaja nayo gereji, akasimama katikati ya mafundi wote.

"Nisikilizeni. Atakayeniponyea hii, ndiye nitakayemkabidhi zile tatu. Sina maneno mengi."

Zile gari tatu Pua alikuwa ameshaziota. Ameshajiona anaingia lango la zahanati na mlinzi anamfungulia, "Karibu, fundi." Akachomoa kijiti, akanusa, akafumba macho.

"Hii tuifungue. Siku kumi."

"Siku kumi! Na hao watoto niwaambie wasubiri tumboni?"

Ng'ambo, shemeji alikuwa ameegemea mlango wa duka. "Mama Mkunga, niletee Jumamosi. Tutamwaga oili ya zamani, tutatia mpya na kichupa kimoja. Ikikataa, shemeji yangu si yupo? Hakuna anayemshinda kufungua."

Alisema kwa wema. Na ndicho kilichomuua Pua. Tusi angelijibu, wema ule ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Jioni hiyo sahani ilirudi jikoni vilevile ilivyokuja.

"Unaumwa?" mkewe akamuuliza.

"Siumwi."

"Basi umemwona shemeji yako."

Mwanamke ameishi na mwanamume miaka ishirini, utamficha nini? Lakini huyu alikuwa mpole, mpole kupita kiasi, wa kutumwa na kwenda. Alfajiri Pua akamtuma: nenda kwa yule, ninunulie vichupa vitatu, useme ni vya mteja wa mbali.

Mke akaenda. Akarudi na vichupa ndani ya khanga, jasho linamtoka kama mwizi.

"Amesema kimoja tu kwa giaboksi nzima. Amenishika mkono akarudia: dada, mwambie kimoja, kisizidi."

Pua akavigeuza vile vichupa mkononi. Maandishi yalikuwepo. Kusoma alijua, macho yalimtosha. Hakusoma. Alikuwa anasoma kitu kingine kabisa, moyo wa shemeji yake, na alikuwa anausoma kwa herufi za moyo wake mwenyewe.

"Kimoja," akasema. "Amekuambia kimoja. Umeona alivyo mjanja? Yeye anaweka vitatu, mimi anataka niweke kimoja ili nishindwe."

"Baba watoto, si umuulize tu? Ni hatua ishirini."

"Nimuulize mimi? Nimuulize yule kuhusu giaboksi?"

Hatua ishirini hizo zilimshinda. Watu wanakwenda hija, wanavuka majangwa, yeye barabara yenye mashimo mawili ilimshinda kuvuka.

Ijumaa akampigia simu mkunga: njoo, nimepata dawa, hatufungui tena. Mkunga akaja mbio. Pua akatia vyote vitatu juu ya oili ileile iliyochoka, maana kuimwaga kungechukua muda na shemeji angeona. Wakapanda kilima pamoja. Gari ilipanda kama imepakwa samli. Haikutikisika hata mara moja.

"Fundi!" mkunga akampiga bega. "Kumbe ulikuwa unanificha!"

Pua alirudi gereji akitembea katikati ya barabara, kifua mbele. Alipofika usawa wa duka akasimama.

"Shemeji, kesho usijisumbue. Mgonjwa amepona."

"Hongera, shemeji. Umeweka vingapi?"

"Vya kutosha."

Yule mama akavua miwani. Kicheko chote kilimtoka usoni. "Vya kutosha ni vingapi? Nakuuliza kwa sababu—"

"Kapange spea zako, mama. Haya ni mambo ya wanaume."

Jumamosi nzima aliimba. Mafundi walishangaa, hawakuwahi kumsikia, na waliposikia waliomba asirudie.

Jumapili asubuhi mkunga akaitwa juu kilimani, mwanamke ameshikwa na uchungu. Akawasha gari, akaondoka. Alipoanza kupanda, injini ikanguruma, gari ikabaki palepale. Akakanyaga mafuta. Injini ikapiga kelele, gari ikasogea mwendo wa kobe. Pleti zilikuwa zinazunguka bila kushikana, zinateleza kwenye ule utelezi wote zilizomwagiwa. Akakanyaga zaidi, na hapo ndipo alipoziua: harufu ya kuungua ikajaa mpaka ndani, gari ikasimama, ikaanza kurudi nyuma na mkunga mkuu ndani yake.

Akavuta breki ya mkono, akashuka, akachukua mkoba, akapanda kilima kwa miguu. Mwanamke wa miaka hamsini na nane mwenye magoti mabovu. Alipofika, mtoto alikuwa ameshatoka, amepokelewa na bibi yake, analia vizuri kabisa. Mama na mtoto salama, Mungu ni mwema. Lakini bibi wa mtoto alimwangalia mkunga juu mpaka chini, akamwambia, "Karibu, mgeni wetu. Umekuja kumwona mtoto?"

Neno hilo mkunga alishuka nalo kilimani.

Jumatatu saa sita mchana gari ililetwa gereji imefungwa kamba nyuma ya lori. Mafundi wakaacha spana. Shemeji akavuka barabara. Mke wa Pua alikuwepo pia, amemletea mumewe chakula kama kila siku, amekaa juu ya tairi kuukuu anasubiri vyombo.

Shemeji akachomoa kijiti. Hakuhitaji kukinusa, harufu ilifika yenyewe.

"Kuna mtu ametia dawa hapa," akasema polepole.

"Dawa yako," Pua akasema. "Mbele ya watu wote nasema: ni dawa yake. Nilimwamini, nikatia. Mnaona inachofanya?"

Mkunga akamgeukia. "Ulitia vingapi?"

Hapo ndipo palipokuwa njia panda yake. Angesema vitatu, angekuwa fundi aliyekosea, na nani hajakosea? Akamtazama shemeji yake, mnene, miwani mkononi, na watu wamemzunguka wakianza kumtazama vibaya. Akaona utamu. Tangu duka lile lifunguliwe hakuwahi kuonja kitu kitamu hivyo.

"Kimoja," akasema. "Kimoja tu, kama anavyowauzia nyie wote."

Minong'ono ikaanza. Mmoja mwenye gari iliyotiwa wiki iliyopita akasema, "Ala! Kumbe na yangu itaungua?" Mwingine akasema alijua tangu mwanzo, vitu vya vichupa ni vya kuogopa. Shemeji akasema kimoja hakiwezi kuunguza. Nani angemwamini? Yeye hakuwepo kilipomiminwa.

"Vitatu."

Watu wakageuka. Mke wa Pua alikuwa amesimama, bakuli la mumewe limo mkononi.

"Nilivinunua kwa mkono huu. Nikaambiwa kimoja, nikamwambia kimoja. Yeye akatia vitatu."

"Wewe mwanamke!" Pua akafoka. "Nani amekuuliza?"

"Hakuna," mkewe akasema. Sauti ilikuwa ileile ya kila siku, ya kuuliza kama chumvi imetosha. "Nimechoka tu kutumwa."

Mkunga hakutukana. Waliomjua waliogopa zaidi. Alimwambia Pua mambo mawili: gari utaifungua na pleti utaweka mpya bila kunidai hata senti; na lango la zahanati usilisogelee. Zile tatu akampa shemeji palepale. Shemeji akasema yeye kufungua giaboksi hajui, anajua oili na kusoma, akimgawia Pua kazi ya kufungua zitakapoharibika wataelewana. Wema tena! Pua akatema mate pembeni, akasema hafanyi kazi chini ya gauni la mtu. Basi akaajiriwa fundi wa mtaa wa pili.

Siku tisa alifanya kazi kwenye kikongwe kile cha kijivu. Na aliifanya vizuri, mikono yake haikuwa na wivu, ilikuwa na akili kuliko mwenyewe. Akasafisha, akapanga pleti, akafunga. Siku ya kumi mkunga akaja, akaikagua kwa macho, akaamuru gari isukumwe ng'ambo.

"Oili atapima yeye," akasema.

Pua akabaki kwenye mlango wa gereji, matambara mkononi. Kule ng'ambo boneti lilifunguliwa. Shemeji alivaa miwani, akainua kichupa kimoja juu mbele ya macho ya watu, akasoma kwa sauti mpaka neno la mwisho. Na aliyeshika faneli ya kumiminia oili, ameinama juu ya injini, anacheka kitu alichoambiwa na shemeji, alikuwa mkewe.

Miaka ishirini ndani ya nyumba, hakujua kumbe anaweza kucheka hivyo. Na hata hilo akalionea wivu.