Majivu ya Msibani

Mama hakununua sabuni ya sufuria maisha yake yote. Za dukani zilimkohoza, na mimi nilichoka kumsikia akizisema. Alichoma mabua ya alizeti, akachekecha majivu, akachanganya na magadi kidogo na kujaza kopo.

Siku ya pili ya msiba wake, nyumbani Mandewa, kopo lilikuwa tupu na sufuria za wapishi nyeusi tii. Nikachota majivu uani, kwenye moto wanaoota waombolezaji, nikatia magadi, nikaanza kusugua.

Shangazi akanikuta.

“Hayo umeyatoa wapi?”

Nikamwonyesha.

“Majivu ya msiba hayaguswi mpaka tuanue matanga! Hata hilo hukufundishwa?”

Nilifundishwa, tena na mama mwenyewe. Wanawake wote wakanitazama. Wanitazame. Sikuona aibu. Hata magadi yalipoingia kwenye mchubuko wa kidole, sikusikia kitu.

Nikasuuza sufuria, nikaiweka juani. Mama alizoea kupitisha kidole chini yake. Akikuta weusi, ananirudishia bila neno. Nikasimama pale nikisubiri anirudishie. Kisha nikaichukua, nikaisugua upya.