Nusu ya Neno la Solange

Jumatano, mwezi wa nne. Mvua imeshika milima ya Karuba tangu asubuhi, na harufu ya maziwa yaliyoganda inatoka chumba cha jibini kama zamani. Siku hizo za zamani nilikuwa na miaka kumi na miwili, na kazi yangu ilikuwa kugeuza jibini za Papa kila alfajiri na kuzipangusa kwa maji ya chumvi, hadi vidole vikapasuka. Msimu ule wa mvua akaja Solange, binti wa mdogo wake Papa, aliyekulia Uganda kwa sababu wazazi wake walikimbia vita. Alikuja na Kiingereza. Sijui kama naandika kwa haki, lakini alikuwa mwema na hakuringa, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Siku moja alizitazama jibini juu ya mbao, akasema, "Papa mukubwa, weye uko meticulous."

"Iko nini hiyo?"

"Muntu anaangaliaka kazi yake mupaka kwa kantu kadogo."

Papa alilibeba neno lile hadi soko la Mushaki, akijisifu nalo, na kila Ijumaa Solange ndiye aliyekwenda naye, badala yangu. Vidole vilivyopasuka vilibaki nyumbani.

Nikaenda kwa mwalimu wetu, aliyewahi kusoma seminari. Alifungua kamusi yake: neno limetoka Kilatini, kwenye metus, yaani woga. Zamani lilimtaja mwoga, baadaye mtu anayeogopa kukosea hata kidogo, na leo Waingereza humsifu nalo mtu makini. "Umesikia yote?" akauliza. Nilisikia yote. Nyumbani nilipeleka nusu.

"Papa, mwalimu anasema ni neno la woga."

Papa akamgeukia Solange. "Miye muoga? Nilibakia hapa na ngombe zangu. Ni nyiye mulikimbia!"

Solange akatoka nje, mvuani. Ijumaa ile nilikwenda sokoni mimi. Kabla mvua hazijaisha, Solange alirudi Uganda.

Leo anafundisha Kiingereza hukohuko. Amepiga simu asubuhi: anataka binti yangu akasome kwake, na binti yangu ameshaanza kukunja nguo. Nikasikia wivu uleule, haujazeeka. Ndipo nikamwambia Solange habari ya ile nusu. Akacheka kidogo. "Nilijuaka, dada. Nilimuuliza mwalimu kesho yake. Kama ningesema, Papa mukubwa angekupiga." Mimi nina nyumba, nina ng'ombe, Papa mzee bado yuko nami, na hata kwa kunyamaza amenishinda.

Jioni tumekula bugali na sombe, majani ya muhogo niliyoyapika mwenyewe. Papa amesifu chumvi ya sombe. Yeye bado sijamwambia.