Punda wa Mama Mwenyekiti

Nilipokuwa na miaka ishirini na sita nilikuwa nimeshaijua dawa ya umaskini. Nilikuwa na diploma ya maendeleo ya jamii, miwani ambayo hakuna daktari aliyeniandikia, na mkoba mgumu wa kufungwa kwa namba za siri. Ndani ya mkoba mlikuwa na kalamu mbili na, siku nyingi, viazi vitamu. Kanisa letu lilikuwa limeanzisha mradi wa kuwakopesha akina mama fedha kidogo kidogo, nami nikaajiriwa kuuendesha huko chini kwenye tambarare za upande wa Makindu. Mimi ni mtu wa Nunguni, kule juu kwenye baridi, ambako maji yanateremka yenyewe kupitia migombani na mtu anaweza kuzeeka bila kujua uzito wa mtungi uliojaa. Hilo ningelisema kwenye usaili wa kazi kama ningeulizwa. Waliniuliza tu kama nimeokoka.

Kikundi changu cha kwanza kilikuwa cha wanawake ishirini na wawili waliokuwa wakikutana kanisani kila Jumanne. Walikuwa tayari na mwethya wao. Mwethya ni ile desturi yetu Wakamba ya kulimiana kwa zamu, leo kwako, wiki ijayo kwangu, watu wote na majembe yao na nyimbo zao. Wanawake hao walikuwa wamechimba matuta ya kilima kizima na kubeba mawe yaliyojenga lile kanisa tulilokuwa tumeketi ndani yake. Mimi nikasimama mbele yao nikawafundisha umuhimu wa kushirikiana. Niliwafundisha kwa saa mbili, nikitumia chati ya rangi tatu. Walinisikiliza kwa adabu kubwa, na mmoja alimnyonyesha mtoto wake mpaka akalala, bahati yake.

Kisha nikawahubiria mfano wa wale watumwa walioachiwa na bwana wao talanta za fedha wazizalishe. Nilikuwa naupenda sana mfano huo kwa sababu nilijiona mimi ndiye yule bwana. Nilipomaliza, mwenyekiti wao aliinua mkono. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, mwenye sauti ya kuongoza nyimbo, na watu wote, hata pasta, walimwita Mama Mwenyekiti.

"Mwalimu, mimi nauliza," akasema. "Huyu mtu ya talanta tano, huko kwao mvua ilikuwa imenyesha?"

Wenzake wakacheka. Nikawaambia kwamba Maandiko hayakutaja mvua. Akasema asante, akaketi.

Sasa nieleze kosa langu, maana ni langu peke yangu. Chuoni tulikuwa tumefundishwa kwamba mradi mzuri hutumia utamaduni wa wenyeji. Kwa hiyo nikawauliza akina mama: mwanachama wa mwethya asipokuja kazini, mnamfanya nini? Wakaangaliana wakaanza kucheka tena. Wakaniambia kwamba kikundi kizima kinaenda kwake kikiimba, kinachukua kitu, sufuria au kuku au kigoda, na kukiweka kwa jirani. Nikaruka kwa furaha. Papo hapo nikaandika katika katiba ya kikundi kifungu cha saba, kwamba mwanachama akishindwa kulipa mkopo, kikundi kitatwaa mali yake. Nikauliza nani anakubali. Mikono ishirini na miwili ikainuka bila kusita, nami nikadhani ni yale mahubiri yangu ya talanta.

Swali ambalo sikuuliza ni hili: ile sufuria ikishachukuliwa, inakuwaje? Mkamba gani hajui? Huyu hapa. Nilikuwa shule ya bweni tangu darasa la tano, na likizo nilikuwa nikisoma vitabu vya watu wa nchi nyingine. Kila mtoto wa kijiji kile angeniambia kwamba baada ya siku tatu nne mwenye sufuria anakuja na unga kidogo, au anakuja kulima ile zamu aliyokosa, na sufuria inarudishwa kwake kwa nyimbo zilezile. Sufuria haiuzwi. Haijawahi kuuzwa. Ni mzaha wenye meno, wa kumkumbusha mtu kwamba yeye ni wa wenzake. Nusu ya desturi niliiandika kwa mashine, nakala tatu, na nusu nyingine niliiacha vinywani mwa wale akina mama. Aibu zaidi ni kwamba kwa miaka kadhaa baadaye niliitwa kwenye semina kueleza kifungu cha saba, nikakieleza, nikapigiwa makofi na kupewa soda.

Mama Mwenyekiti alichukua mkopo wa kununua mbuzi sita kutoka soko la Matiliku, awanoneshe na kuwauza. Ilikuwa ni mwanzo wa mwaka wa themanini na nne. Waliokuwa Ukambani mwaka huo wanajua kilichofuata. Mvua haikuja. Njaa ile wazee waliipa jina la Nikw'a Ngwete, yaani nakufa huku nimeshika, kwa sababu watu walikuwa na pesa mkononi na dukani hakuna unga wa kununua. Na ni mwaka huo, katika miaka yote ambayo Mungu aliumba, ndio mimi nilipita kijiji hadi kijiji nikigawa pesa.

Mbuzi wa Mama Mwenyekiti walikufa mmoja mmoja, wa mwisho akifia mlangoni kwake. Wenzake waliokuwa wamechukua mikopo ya kusuka viondo walijikakamua wakalipa. Yeye hakuwa na kitu ila jembe, nyumba na punda jike mmoja wa kijivu. Basi Jumanne moja nikasikia nyimbo zikija kutoka bondeni. Nikatoka nje. Kikundi kizima kilikuwa kinapanda kilima kikimleta yule punda, na aliyemshika kamba alikuwa Mama Mwenyekiti mwenyewe, akicheka mpaka machozi.

"Mwalimu, tumekuletea mfungwa!" wakaniambia. "Sheria ni yako, mpaka aende nyumbani utamchunga wewe."

Nikamfunga nyuma ya chumba changu kando ya kanisa. Nilifurahi sana. Niliona kifungu cha saba kinafanya kazi.

Kesho yake nikagundua kwamba punda anakunywa maji. Maji yalikuwa mtoni, na mto wenyewe ulikuwa mchanga mtupu, unachimba shimo na kungoja yajae kikombe kwa kikombe. Kwenda na kurudi ilikuwa ni asubuhi nzima. Nikafunga mitungi minne mgongoni mwa punda, nikashika kamba, nikavuta. Punda akaniangalia. Nikavuta tena, nikamhubiria kidogo. Nilipofika mtoni, akina mama waliokuwa kwenye foleni walikaa chini kabisa ili wacheke vizuri.

"Usimvute, mwalimu! Pita nyuma!" Nikapita nyuma. Akanipiga teke la paja, na kwa wiki nzima nilihubiri nikiwa nimeegemea meza.

Siku ya tatu Mama Mwenyekiti akaja kuniokoa. Akasema atakuwa anamchukua punda alfajiri, anateka maji yake na yangu, na kumrudisha kifungoni kabla ya chakula cha mchana. Nikakubali haraka kabla hajabadili nia. Wiki mbili zikapita hivyo, punda akiwa mfungwa kwa jina tu. Halafu akina mama wakaja na neno lao. Watamkomboa mwenzao. Watachimba matuta kwenye shamba la kanisa, wote ishirini na wawili, siku tatu, na punda arudi kwake. Niliona ni jambo zuri. Nikaandika barua makao makuu, na kusema kweli niliiandika kwa madaha, kana kwamba wazo lilikuwa langu.

Jibu lilikuja na Landrova. Mkubwa wangu alikuwa mzee mpole, mcha Mungu, wa sauti ya chini, na mpaka leo siwezi kusema alikuwa mtu mbaya. Aliketi chumbani kwangu, akanywa chai, akauliza, "Hayo matuta, kijana, tutayapeleka benki?" Akaeleza kwamba tukimwachia mmoja, vikundi vyote vitalegea, na mfuko utakauka, na wajane mia watakosa kwa ajili ya huyu mmoja. Punda auzwe. Ndivyo katiba ilivyosema, na katiba ilitoka kwa wanawake wenyewe. Hayo ya mwisho alikuwa ameyasoma kwenye ripoti yangu.

Nilijua cha kusema. Kufikia hapo nilikuwa nimeshaeleweshwa ile nusu nyingine ya desturi, nimeeleweshwa na kila mtu pale mtoni. Nilipaswa kusema: mzee, mali ya mwethya hurudi, mimi ndiye niliyeandika vibaya, nikatwe mimi mshahara. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Lakini kabla ya chai mkubwa alikuwa amedokeza kwamba ofisa ambaye vikundi vyake vitakuwa havina deni kufikia Krismasi atapewa pikipiki. Nami nilikuwa nimechoka kutembea. Nikasema, "Ni kweli, mzee."

Katika Maandiko kuna mahali wanapotajwa watu wanaompokonya mjane mnyama wake, na hawatajwi kwa sifa. Nilikuwa nimepasoma. Chuoni tulifanyiwa mtihani na nikapata alama nzuri.

Nilimpeleka punda Makindu mwenyewe, siku mbili njiani, nikipita nyuma. Mama Mwenyekiti alipoambiwa hakulia wala hakubisha. Aliuliza mara moja tu, "Kuuza kabisa?" kama mtu anayedhani hajasikia vizuri. Nikamwambia ndiyo. Akamfungua mitungi, akaiweka chini kwa mpangilio, akaingia ndani.

Sokoni mfanyabiashara wa mifugo aliyetoka Garissa alimzunguka punda, akapitisha kiganja pale ambapo mitungi ilikuwa imesugua manyoya yakaisha.

"Hii ni ya kazi," akasema. "Mwenyewe amekufa?"

"Hapana. Ni punda ya kanisa."

"Kanisa yenu inabeba maji?"

Nikamwambia ataje bei. Alitaja, nikakubali bila kubishana, na nadhani hilo ndilo lililomfanya anitazame vile. Baada ya hapo nilikuwa na njaa, nikaenda kwenye hekalu la Masingasinga pale barabarani, ambako kila msafiri hupewa chakula. Nilipewa chapati na dengu. Nilingoja mtu aje aniulize mimi ni wa kikundi gani na nitarudisha lini, hakuja mtu. Nilikula nikiwa nimeinamisha kichwa.

Jumanne iliyofuata nilifika kanisani mapema kutoka makao makuu, nilikopeleka pesa za punda. Makao makuu walikuwa wamenipa barua ya kuwasomea akina mama. Walikaa kwenye viti vyao, na hakuna aliyeanzisha wimbo, kwa sababu mwanzishaji alikuwa hajafika. Katika miezi yote ile hakuwahi kuchelewa. Nilijaribu kuongea habari za jua. Mmoja akasema ndiyo, jua liko.

Aliingia karibu saa tano. Mtungi wa lita ishirini ulikuwa mgongoni, ukanda umepita kwenye paji la uso, na shingo imeinama mbele. Wenzake wawili waliinuka kumsaidia kuutua. Alipojinyoosha, alama ya ukanda ilikuwa imebaki pale kwenye paji, pana na nyekundu. Alifunga kilemba chake upya. Niliona haya ambayo sikuwahi kuiona kabla ya siku hiyo wala baada yake. Nilitaka kupiga magoti pale kwenye sakafu ya udongo, na sikupiga.

Kwetu mgeni hupewa maji kabla ya neno lolote. Mama Mwenyekiti akachukua kikombe, akakisuuza kwa tone, akachota kwenye ule mtungi, akaniletea kwa mikono miwili.

"Kunywa, mwana wetu. Umetoka mbali."

Nikanywa. Niliyanywa yote, kwa sababu nilikuwa na kiu kweli. Kisha nikasimama, nikaifungua barua na kuwasomea pongezi za makao makuu kwa kikundi ambacho hakina hata mwanachama mmoja anayedaiwa. Nilipomaliza, aliyeanza kupiga makofi alikuwa yeye.