Nyoka wa Ndani ya Bandeji

Niliamini kwa moyo wote kwamba ndani ya bandeji ya Tonton Amisi alilala nyoka. Tonton, mdogo wake baba, alikuwa kinyozi pale Makiso, katikati ya mji wetu. Nusu ya Kisangani ilimletea vichwa. Nusu nyingine ilikuwa na vipara. Rafiki yangu Bosco ndiye aliyenipa siri: nyoka anakunywa damu ya mguu, kisha anamlipa Tonton kwa kumwitia wateja. Ndiyo maana kidonda cha juu ya kifundo hakikupona. Ndiyo maana kila adhuhuri Tonton alilala mkekani, mguu juu ya kreti ya soda. Nyoka anapumzishwa!

Harufu ya Dakin, ile dawa ya kuoshea vidonda, bado hunirudisha pale. Ukiinusa, utadhani wamefua mashuka ya hospitali nzima puani mwako.

Bon, siri tamu vile ningeifungia wapi? Niliimwaga shuleni, nikaongeza kwamba nyoka ana ndevu. Haikupita wiki, kiti cha Tonton kikawa kitupu. Akina mama walivuka barabara wakiwavuta watoto wao.

Asubuhi moja muuza mihogo akapaza sauti: "Amisi, nyoka yako imekula leo?"

Watu wakacheka. Tonton akaketi kwenye kiti cha wateja, akaanza kufungua bandeji, mzunguko baada ya mzunguko.

"Mukuye muangalie! Muangalie muzuri!"

Kidonda kilikuwa kipana kama kiganja changu, kinatoa maji, nzi wakakiwahi. Kicheko kikakatika. Mtu mmoja akatema mate. Mimi nilikuwa nyuma ya baiskeli ya toleka iliyongoja abiria, natamani kuwa skrubu ya pedali yake.

Walipotawanyika aliniita mimi, kati ya watoto wote wa mtaa. "Kuya unifungie, mwana. Weye iko na mikono ya polepole."

Nilinawa, nikafunga. Sijamwambia mpaka leo. Nimekuwa mtu mzima ndipo nikaelewa kwamba siku ile baba wa watu alivuliwa nguo barabarani, na kifungo cha kwanza nilikifungua mimi.

"Tonton," nikamwuliza siku ile nikimalizia kufunga, "nini iko inakula muguu?"

"Hakuna kitu inakula. Damu inashuka muzuri mu muguu, kupanda inashindwa, sababu niko nasimama siku muzima. Ngozi inachoka, inapasuka. Bande inasaidia damu kupanda. Ni ile tu."