Vipande Alivyoviruka Baba

Kazini kwangu nakuza seli za saratani ndani ya kabati ambalo oksijeni yake naipunguza makusudi. Nataka kujua zinafanya nini zikibanwa pumzi. Nilifanya kazi hiyo miaka kadhaa bila kumfikiria mtu yeyote, mpaka uvimbe ulipoonekana kwenye pafu la baba yangu.

Nilichukua likizo nikaenda nyumbani Nyarero na jambo moja tu kichwani: nimrekodi baba akiimba wimbo wake wote, mwanzo hadi mwisho, kabla pumzi haijamwishia. Baba ni mpiga litungu, ile ala yetu ya nyuzi nane. Wimbo aliutunga mwenyewe, na umebeba ukoo mzima: babu, ng'ombe aliovuka nao mto Mara, kisha kaka zangu watano, kila mmoja na sifa zake. Mimi, binti pekee, simo. Niliumia nilipokuwa mdogo, halafu nikazoea, au nilijiambia nimezoea.

Asubuhi nilimketisha kivulini kando ya jiko. Mama alikuwa hapohapo anapepeta ulezi. Nikaweka simu juu ya kinu, baba akaanza vizuri. Alipommaliza babu alivuta pumzi, akakohoa, akawaruka ng'ombe wote na kwenda moja kwa moja kwa kaka mkubwa. Nikazima simu.

“Tata,” nilimwita, ndivyo tusemavyo baba kwetu, “umewaruka ng'ombe.”

“Najua.”

Tukarudia. Safari hii aliruka ng'ombe na kaka wawili. Nikazima tena, nikawasha tena. Mara ya tatu wakabaki kaka wawili tu. Mimi nina hasira za karibu, na siku ile zilikuwa karibu zaidi kwa sababu nilikuwa naogopa.

“Unakata na kuunga kama zile seli zangu za maabara!”

Mama aliacha kupepeta. Pale nyumbani kila mtu alijua ni seli za nini. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Baba akalaza litungu magotini. “Zinafanyaje hizo seli?”

Nikamweleza, maana kunyamaza kungekuwa kubaya zaidi. Nilimwambia jeni ni maagizo marefu. Seli huyanakili kwanza, kisha hukata vipande fulani vya ile nakala na kuunga vinavyobaki, ndipo itengeneze protini. Ukataji ukibadilika, maagizo yaleyale hutoa kitu kingine. Katikati ya uvimbe damu haifiki vizuri, oksijeni ni kidogo, na huko seli ya saratani hubadilisha ukataji. Kipande ilichozoea kukibakiza inaweza kukiacha, na kile ilichozoea kukiruka inaweza kukiingiza. Mara nyingine hilo ndilo linaloisaidia kuishi pale ambapo ingekufa.

Baba alisikiliza kama anavyosikiliza kesi za mashamba, macho chini. “Kwa hiyo hicho cha kurukwa kilikuwamo siku zote?”

“Kilikuwamo, tata. Kilikuwa hakitumiki tu.”

Alicheka, kicheko kikaishia kwenye kikohozi. “Basi zinakuzidi akili. Washa simu yako.”

Aliimba babu. Ng'ombe hakuwagusa. Kaka hakumtaja hata mmoja. Halafu akaingia kwenye ubeti ambao sikuwahi kuusikia. Ulimhusu msichana aliyeondoka na sanduku la bati kichwani kwenda shule ya bweni, siku ambayo wazee walikuwa wamekuja kuzungumzia mahari yake. Baba yake aliwaambia wazee, binti hayupo, na mahari siitaki. Kisha akaingia zizini, akasimama katikati ya ng'ombe, watu wasimwone machozi.

Siku ile naikumbuka. Nilifika barabarani nikageuka nyuma, na baba hakuwepo kuniaga. Miaka yote hiyo nimeishi nikiamini kwamba alikasirika, kwamba nilimtia aibu mbele ya wenzake, na kwamba ndiyo maana simo kwenye wimbo. Hata kazini, nikifanikiwa jambo, nilikuwa nasita kumpigia simu kumwambia.

Pumzi ilimwishia hapohapo, ubeti haujafika mwisho. Mkono wake ukabaki juu ya nyuzi.

“Hicho kipande kipo tangu mwaka ulioondoka,” mama alisema, akiutazama ungo wake. “Ananiimbia mimi. Mbele ya watu hukiruka.”

Baba, huku akihema, akaniuliza kama aanze upya aweke na ng'ombe. Nilikuwa nimeishika simu kwa mikono miwili. Bado ilikuwa inarekodi kuhema kwake, na mimi sikutaka kuizima.