Mlango Ndani ya Kabati

"Hiki kisanduku cha taa kikiungua, tutakifikia kwa kupitia wapi?" aliuliza fundi umeme, binti wa rika langu. Tulikuwa Ihembe, kwenye nyumba ambayo mjomba anamjengea bibi. Taa zimefichwa darini pamoja na kisanduku kinachoziendesha, nazo zitajiwasha zenyewe bibi akiinuka kitandani, kwa kuwa macho yake yamechoka.

"Binti, wewe funga waya zako. Dari yangu haitobolewi," alisema fundi wa jipsamu, aliyekuwa akiziba dari. Mjomba akacheka. Mimi mori ulishanipanda.

Yule binti hakubishana. Alipima mkono wake kwa futi, kutoka kiganjani hadi kiwikoni, akafungua kabati la ukutani na kuchora mraba kwenye dari, juu ya nguo.

"Mlango uwe hapa, mkono unafika kwenye kisanduku. Mgeni hatauona, fundi hataukosa."

Midahalo yangu yote ya chuo haijawahi kumshawishi mjomba upesi namna ile. Fundi wa jipsamu akachukua msumeno mwenyewe, tena bila kutumwa.

Bibi, atakayelala humo peke yake, akainuka kwenye kiti alichokalia na kumshika binti mkono. "Mjukuu wangu, huo mlango nioneshe na mimi."